Mzee Visahani na Bakteria Waliolala

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, familia inawashukuru kwa kuketi, na inawaomba walio upande wa lango wasogee kidogo, kwa kuwa kipaza sauti hiki kina tabia zake. Historia hii inasomwa na shemeji yake marehemu, mdogo wa mjane, ambaye kikao cha familia kilimchagua jana kwa kura zote isipokuwa ya kwake mwenyewe, kikamwonya asome kilichoandikwa tu, asiongeze la kwake. Bahati nzuri ni kwamba aliyeandika naye ni yeye.

Marehemu, ambaye nyumbani aliitwa Kaka, na kazini, tangu hajaota hata mvi moja, aliitwa Mzee Visahani, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1954, mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la saa la baba yake, kwa sababu mvua ilikuwa imefunga barabara ya hospitali, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita wa baba fundi saa na mama mshona nguo. Mkunga alipoinua macho ukutani aandike saa ya kuzaliwa, alikuta saa kumi na nne, na hakuna hata mbili zilizokubaliana, kwa hiyo cheti kinasema saa nane, mama yake alisema saa nane kasoro, na shangazi zake wamebishana juu ya jambo hilo mpaka juzi, pale pale msibani.

Miongoni mwa saa hizo kulikuwa na mbili zilizotoka kiwanda kimoja, katika boksi moja, namba zake zikifuatana, chuma kile kile na springi ile ile, zikaning'inizwa kwenye misumari miwili ya jirani, zikatiwa ufunguo na mkono mmoja kila Jumatatu, lakini kila ikifika Jumapili moja ilikuwa imeitangulia ya pili kwa dakika saba. Kaka, akiwa na umri wa miaka sita, alimuuliza baba yake ni ipi mbovu, na mzee, bila kutoa lenzi jichoni, alimjibu, "Hakuna mbovu hapo, mwanangu, humo ndani mna vitu vidogo vingi, na kila kimoja kina siku yake." Mzee huyo alikuwa na jambo jingine, kwamba mteja akiingia akilalamika kuwa saa yake imekufa, yeye aliuliza kwanza, "Imekufa au imesimama?", akaisafisha, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni, kwa sababu, alivyosema, iliyokufa haiitiki, ila iliyosimama ukiiondolea kilichoizuia na kuilisha, itaitika. Tunaomba mlishike neno hilo, kwa kuwa tutalirudia.

Alianza elimu ya msingi Januari 1962, katika shule iliyopakana na mitambo ya maji, akamaliza mwaka 1968, akajiunga na sekondari mwaka 1969 hadi 1972, ambako alifaulu masomo yote isipokuwa kuimba, na wote mliowahi kusimama karibu naye kwenye sherehe mtakuwa mashahidi. Mwaka 1973 alichaguliwa kujiunga na chuo cha afya, fani ya maabara, akahitimu Desemba 1974, na tarehe 3 Februari 1975 akaajiriwa katika hospitali kuu ya mji, maabara ya ghorofa ya chini, mlango wa tatu baada ya chumba cha kufulia mashuka, chumba chenye madirisha mawili, sinki mbili, meza ya terazo iliyopasuka pembeni, na kabati la joto lililonguruma mchana kutwa kama mtu mwenye malalamiko.

Kazi yake ilikuwa kuotesha bakteria, yaani kuchukua usaha au mkojo au damu ya mgonjwa, kuipaka kwenye kisahani cha plastiki chenye chakula kilichoganda kama uji uliopoa, kukiweka kwenye joto hadi kesho yake, kisha kutazama nini kimeota na dawa gani inakiua. Visahani hivyo vilimpa jina. Alikuwa na sheria moja, kwamba jina la mgonjwa huandikwa chini ya kisahani na kamwe si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana lakini matako ya kisahani hayabadilishani na mtu, na sheria hiyo aliihamishia nyumbani, hivi kwamba hadi leo masufuria yote ya mjane yana maandishi chini, na jirani akiazima chungu hana ujanja wa kukisahau kwake.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na karani wa masjala wa hospitali hiyo hiyo, ambaye ni dada yake anayewasomea, mwanamke ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akimrudishia fomu zake akisema mwandiko huo ni wa kuku aliyekimbizwa, mpaka siku moja fomu ikaja imeandikwa kwa herufi kubwa, safi, nayo haikuwa ya mgonjwa yeyote. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1983, ambaye leo ni msusi, wa pili mwaka 1985, ambaye ni dereva wa mtambo wa kuchimba barabara, na wa tatu mwaka 1990, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusikia baba yake akisema, "Mbona mwenzako?" Wageni wakishangaa kwamba tumbo la mama ni lile lile, malezi yale yale, na kila mmoja katoka kivyake, yeye alicheka tu, akasema hata wangekuwa sawa kwa kila herufi waliyorithi, bado asingetegemea watoke sawa.

Sasa tunafika mwaka 1993, na hapa anayesoma anaomba maji. Ahsante.

Novemba 1992 mama mkwe wa marehemu, yaani mama mzazi wa mjane na wa shemeji huyu, aliteleza kwenye ngazi za nyuma akavunjika mfupa wa muundi, akafanyiwa upasuaji, na kidonda kikashika usaha hadi ndani ya mfupa. Usaha ulipelekwa maabara, marehemu akauotesha kwa mkono wake, akaweka katikati ya kisahani kikaratasi cha duara chenye dawa, na kesho yake akakuta bakteria wameota kote isipokuwa kuzunguka kile kikaratasi, ambako palikuwa peupe pe, akapima uwazi huo kwa rula, milimita ishirini na sita, akaandika katika fomu kwamba dawa hii inawaua, akatia sahihi. Mama akapewa vidonge vya dawa hiyo hiyo vya wiki sita, kidonda kikafunga, na baada ya wiki tatu kikafumuka. Akapewa tena, kikafunga, kikafumuka, na mara ya tatu ikawa hivyo hivyo, na kila mara usaha mpya ulipopimwa, uwazi ulikuwa milimita ishirini na sita.

Daktari wa wodi, ambaye si mtu mbaya, aliitazama fomu ile yenye sahihi ya mkwe, akamtazama mama, akasema karatasi haisemi uongo, dawa inaua, kwa hiyo aliyebaki kusema uongo ni mmoja. Maneno yakatoka wodini yakafika kwenye benchi la kusubiria, yakafika mtaani, kwamba bibi yule anatema dawa kwa sababu anapenda kuhudumiwa. Mama alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, yaani huyu mnayemsikiliza, naye alipokuta vidonge vitatu mfukoni mwa sweta la mama hakuuliza, alihukumu, akavitia vidonge vyote kwenye kopo, akalifungia kabatini, na kila asubuhi kwa wiki tano alisimama mbele ya mzazi wake akampa kidonge na maji, kisha akamwambia, "Fungua mdomo, mama, nione." Na mama, aliyemlisha mtu huyu kwa mkono wake, alifungua mdomo, akainua ulimi, akaonyesha. Baadaye dada yetu alichimba masjala akakuta kwamba vidonge vile vitatu vilibaki siku daktari alipobadilisha kipimo cha dawa, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kadi, lakini wakati huo hakuna aliyeitazama kadi.

Kidonda kilifumuka tena mwezi Julai, baada ya wiki tano za kufungua mdomo, na siku hiyo mama alimwambia mkwe wake neno moja tu, akiwa amekaa kwenye kiti chake kifupi karibu na dirisha, mguu juu ya ndoo, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?" Marehemu alijibu kwamba ndiye. Mama akageukia dirishani, na dada yetu anasema mume wake alirudi nyumbani siku hiyo akala matonge mawili akasukuma sahani, jambo ambalo kwa mtu yule halikuwa la kawaida.

Ni lazima mjue desturi ya maabara ile ili muelewe alichokifanya. Ikitokea kisahani kimetiwa dawa, na mahali ambapo pangepaswa kuwa peupe pakaonekana vidoa viwili au vitatu, sheria ilisema huo ni uchafu, mtu kakohoa, mtu hakunawa, kitupwe kisahani kirudiwe kingine, na marehemu kwa miaka kumi na minane alikuwa ametupa visahani vya namna hiyo kwa mamia, tena akiwagombeza wenzake. Asubuhi iliyofuata alitoa kisahani cha mama mkwe, akautazama ule weupe wa milimita ishirini na sita, na, kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi, akamsikia baba yake akiuliza, imekufa au imesimama? Akachukua kibano, akakitoa kikaratasi cha dawa, akaweka mahali pake kikaratasi kingine alichokilowesha kwa sukari na chakula, yaani akaondoa kilichozuia na akalisha, akakirudisha kabatini. Kesho yake mle ndani ya weupe palikuwa na vidoa kumi na kimoja, vidogo kama alama za ncha ya kalamu.

Alipomwonyesha mkuu wa maabara, mkuu alisema ni uchafu. Alipomletea vingine saba vyenye vidoa vile vile, mkuu alisema basi mchafu ni yeye, akamwondoa mezani, akampeleka kwenye sinki kuosha chupa, na barua ikaandikwa, nusura amwage unga kabisa na watoto watatu nyumbani, wa mwisho akiwa na umri wa miaka mitatu. Kwa miezi minne marehemu aliosha chupa za watu aliowafundisha kazi, bila kununa, na kila saa ya chakula cha mchana, wenzake wakitoka, alikausha mikono akarudi kwenye visahani. Alianza kila jaribio na kijidudu kimoja tu, akakiacha kizae hadi ukoo mzima uwe wa mama mmoja, akawatia dawa, akatoa dawa, akalisha, akahesabu walioamka. Kisha akafanya lile lililokuwa la maana kuliko yote, akawachukua hao walioamka, akawaotesha upya, akawatia dawa ile ile, na uwazi ukarudi milimita ishirini na sita, na ndani yake, tena, wachache wakalala wakaja kuamka. Maana yake hawakuwa sugu, hawakuwa wa ukoo mwingine, hawakuwa na silaha yoyote ambayo ndugu zao hawakuwa nayo, ila dawa ilipopita iliwakuta wamelala.

Mkuu wa maabara wa wakati huo yupo hapa nasi, amekaa safu ya pili, na amesoma sehemu hii kabla, akaagiza isipunguzwe. Tarehe 18 Novemba 1993 marehemu alimwomba afanye jaribio lile kwa mikono yake mwenyewe, katika kisahani alichokifungua mwenyewe, na funguo za kabati alale nazo mwenyewe, naye alikubali ili amalize ubishi. Kesho yake alifungua kabati, akakaa kwenye kigoda cha sinki, koti likiloa maji, kisha akasema, "Nimetupa visahani hivi miaka ishirini." Mwaka ule ule barua ilifutwa, sheria ya uchafu ikabadilishwa, na marehemu akarudishwa mezani, akapewa na kiti kipya, ambacho alikikataa kwa kuwa kilikuwa kinalia.

Fomu mpya aliiandika kwa herufi kubwa, safi, na hakuituma kwa mtu. Tarehe 21 Novemba, mchana wa Jumapili, alikuja nayo mwenyewe nyumbani kwa shemeji yake, amevaa koti lake jeupe siku isiyo ya kazi, akakaa chini, sakafuni, mbele ya kiti kifupi cha mama mkwe wake. Kabla ya kusoma alimwomba radhi, akasema karatasi ya kwanza aliyoiandika ilikuwa ya kweli lakini ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomdhalilisha. Mama akamuuliza inawezekanaje ndugu wa mama mmoja, wanaokula chungu kimoja, mmoja alale na mwingine afe. Marehemu akaomba beseni la karanga, akajaza viganja vyake viwili, akamwonyesha kwamba vikiwa vimejaa, hiki na hiki hukaribiana kwa idadi, kisha akabakiza karanga tano tu, akafumba macho, akazirusha ovyo kwenye bakuli mbili, zikaangukia nne huku na moja kule. Akasema ndani ya kijidudu vile vitu vya kukilaza na kukiamsha wakati mwingine ni vichache kama karanga hizi, na kinapogawanyika kuwa viwili hakuna anayepima kwa mizani, kwa hiyo mmoja hupata zaidi akasinzia, na dawa yenyewe huua kwa kumvizia anayejenga ukuta wa mwili wake, sasa aliyelala hajengi, dawa inampita kama fundi anayepita nyumba isiyo na kazi.

Kisha akasoma, na fomu hiyo ipo, mjane anayo, imeandikwa hivi, "Bakteria hawa wanaweza kubaki hata kama mgonjwa amemeza dawa zote sawasawa." Mama akainua uso, akasema, "Soma tena, mwanangu. Soma kwa sauti, dirisha liko wazi."

Akasoma tena kwa sauti, na mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye naye yupo hapa, aliacha kufua akasikiliza. Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni, kopo la vidonge mkononi. Marehemu alikuwa na kila haki ya kumsema, wala hakumsema, hakumtazama hata kwa jicho la pembeni, aliinuka tu, akampa ile karatasi, akasema, "Sasa soma wewe, shemeji." Na yule mtu alipiga magoti akasoma mara ya tatu, sauti ikimkatika kila neno la pili, na mama akamshika kichwa kwa mkono wote, akamwambia, "Basi. Nimesikia. Funga mdomo sasa."

Daktari wa upasuaji wa mifupa aliipokea fomu hiyo, akausafisha mfupa hadi penye afya, akaongeza dawa ya pili yenye uwezo wa kuwafikia hata waliolala, wiki kumi na mbili, na kidonda kikafunga kisifumuke tena. Mama aliishi miaka kumi na moja zaidi kwa miguu yake miwili, na daktari wa wodi, tunasema hili kwa heshima, alikuja mwenyewe kumwomba radhi, na tangu hapo akawa wa kwanza hospitalini kuuliza maabara kabla ya kumuuliza mgonjwa kama anatema dawa. Marehemu hakupata nishani, hakuitwa kokote, na baadaye aligundua kwamba wataalamu wa mbali walikuwa wameshawaona bakteria wa namna hiyo zamani, jambo lililomfurahisha mno, akatembea siku nzima akisema, "Kumbe si mimi peke yangu mchafu."

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2014, baada ya miaka thelathini na tisa na miezi sita ya kazi, akarithi duka la baba yake, ambako zile saa mbili za boksi moja bado zipo ukutani, zikipishana dakika saba, na aliyetaka kuzisawazisha alifukuzwa.

Februari 2019 alianza kubanwa na pumzi akipanda ngazi, vipimo vikaonyesha moyo umechoka, akatibiwa akipata nafuu na kuzidiwa kwa zamu, na mwezi Oktoba akalazwa katika hospitali aliyoitumikia, ambako aliwahesabia wauguzi sekunde za kunawa mikono hadi wakazoea kunawa mbele yake kwa makusudi. Tarehe 6 Novemba 2019, Jumatano, saa kumi jioni, mke wake akiwa amemshika mkono na watoto wote watatu wakiwepo, kila mmoja akilia kivyake, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wa maabara ya ghorofa ya chini waliosimamisha kazi kwa dakika tano siku alipofariki, watu wa kufulia mashuka, majirani walioleta viti na masufuria, ambayo yote yataangaliwa chini kabla ya kurudishwa, na mkuu wake wa kazi wa siku zile, kwa kukubali kuja na kukubali tuseme.

Shemeji, nimesoma yote, na sikuifupisha karatasi. Nimesoma kwa sauti, na madirisha yote ya mtaa huu yako wazi. Pumzika kwa amani ile uliyomrudishia mama yetu.